Gauni la mtandaoni linahitaji futi, si picha nyingine

Mei 2025 Google ilitangaza kwamba mnunuzi wa Marekani anaweza kupakia picha yake ya mwili mzima na kujiona akiwa tayari amevaa shati au gauni analolitazama dukani. Tangu hapo ufundi huo umeshuka mpaka mikononi mwa kila mtu. Programu ya kawaida ya akili unde kwenye simu inachukua picha yako na picha ya gauni lililopostiwa Instagram, na baada ya muda mfupi unajiona umelivaa, limekukaa barabara. Huku kwetu maneno yameshaanza kwamba yale mambo ya kuagiza nguo ikaja inabana au inapwaya sasa yamekwisha. Naona tumelielewa vibaya tatizo lenyewe. Mnunuzi wa mtandaoni hajawahi kukosa picha. Picha ndizo zilizomponza. Anachokosa ni vipimo vya nguo vilivyoandikwa, na kwa kuvikosa hana pia njia ya kuonyesha nani aliyekosea nguo inapokataa kupanda. Ugomvi huo hauamuliwi na picha, hata iwe nzuri kiasi gani.

Biashara yenyewe inakwenda hivi. Duka la mtandaoni la Jumia lilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, lakini nguo hazikuacha kuuzwa kwa simu. Zinauzwa Instagram, WhatsApp na TikTok na watu ambao mzigo wao uko Kariakoo, au unatoka Kariakoo kila wanapopata oda. Posti ina picha ya mwanamitindo wa Kichina, namba ya simu, na maneno “S mpaka 3XL”. Bei wakati mwingine ipo, wakati mwingine ufuate inboksi. Ukiuliza kama litakutosha, unaulizwa una kilo ngapi. “Sabini na nane.” “Chukua XL mpenzi, litakutosha vizuri tu.” Unalipa, boda analeta, kama uko Kigoma, mzigo unapanda basi. Sasa, kilo ni kipimo cha gunia. Mtu mrefu mwenye mabega na mtu mfupi mwenye hipsi wanaweza kulingana kwenye mizani, na gauni moja la kubana lisiwaingie wote wawili. Likifika na zipu ikagoma katikati ya mgongo, mteja anasema uliniambia litanitosha, na muuzaji anasema uliniambia kilo 78. Wote wanasema kweli. Hakuna namba yoyote ya kurejea iliyoandikwa kati yao, kwa hiyo anashinda yule ambaye hela imeshaingia kwenye simu yake.

Kinachoudhi ni kwamba namba hizo zipo. Chukua gauni lililoshonwa kwa soko la ndani la China, na mengi yanayofika huku ni ya namna hiyo, ugeuze mshono wa ubavuni au wa shingoni. Pamoja na herufi L kuna uwezekano mkubwa ukute kitu kama 165/88A. Hiyo si namba ya mzigo, kama wengi wanavyodhani. Ni saizi kwa kiwango cha taifa cha China: 165 ni urefu wa mvaaji kwa sentimita, 88 ni mzunguko wa kifua chake, na A ni aina ya mwili, yaani mwanamke ambaye kifua chake kimezidi kiuno kwa sentimita 14 hadi 18. Tofauti ikiwa 19 hadi 24 anaandikwa Y. Ikiwa 9 hadi 13 ni B. 4 hadi 8 ni C. Kwenye suruali na sketi namba ya pili ni kiuno. Kwa hiyo hiyo L, ambayo huku inauzwa kwa mwanamke yeyote aliyejaa kidogo, ilishonwa kwa mtu mwenye kifua cha sentimita 88 na kiuno cha 70 hadi 74. Kwenye chati za Ulaya kifua cha 88 ni saizi 38, ambayo maduka mengi ya kule huiita S au M. Mwanamke wa Mbagala mwenye kifua cha sentimita 100 aliyezoea kuvaa L ya mitumba ya Uingereza anapoletewa L hii, hajanenepa ghafla. Amehamishwa chati bila kuambiwa.

Na si lebo peke yake. Kwenye mitandao ya jumla ya China kama 1688, tangazo la gauni mara nyingi huwa na jedwali la vipimo vya kila saizi: kifua, kiuno, urefu wa nguo, upana wa bega. Aliyeagiza mzigo aliliona jedwali hilo, au angeliona kama angeshuka chini kidogo kwenye ukurasa. Anachopiga skrinshoti ni mwanamitindo. Mwanamitindo huyo mwenyewe ana namna yake ya kudanganya, maana ni kawaida kwenye studio za picha nguo kubanwa kwa vibanio mgongoni ili mbele itulie. Basi kinachosafiri kutoka kiwandani mpaka kwenye simu ya mteja ni kile kinachopotosha zaidi, na kinachosaidia kinaachwa njiani. Ukimpa mteja huyo picha ya pili, safari hii yenye sura yake mwenyewe, hujamrudishia hata kimoja kati ya vilivyoachwa.

Hapa husikika ushauri kwamba serikali ingeingilia kati, Shirika la Viwango (TBS) waweke kiwango kimoja cha S, M na L, kila mtu akifuate. Unavutia, lakini Wamarekani walishaujaribu. Mwaka 1939 na 1940 Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo iliwapima wanawake karibu 15,000, kila mmoja vipimo zaidi ya 50, chini ya watafiti Ruth O'Brien na William Shelton. Ilikuwa kazi kubwa yenye kasoro kubwa, kwa sababu waliopimwa walikuwa wa kujitolea na takwimu zilizobakizwa zilikuwa za wanawake wazungu pekee. Kutokana na kazi hiyo kikatoka kiwango cha saizi mwaka 1958, kikarekebishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1983 kikafutwa. Viwanda havikutaka kufungwa nacho. Vilishagundua kwamba mteja hufurahi akiambiwa amevaa namba ndogo. Saizi 8 ya mwaka 1958 ilikuwa ya mwanamke wa kifua cha inchi 31. Leo namba hiyohiyo imebandikwa kwenye nguo za wanawake waliomzidi inchi kadhaa. Kama nchi yenye viwanda vyake yenyewe ilishindwa kuilazimisha herufi iwe na maana moja, sisi ambao nguo zetu zinatoka Guangzhou, Istanbul na kwenye marobota ya mitumba ya mabara matatu hatutaweza. Herufi iachwe ilivyo. Kinachoweza kudaiwa ni kwamba pembeni yake iandikwe sentimita.

Wanaoitetea teknolojia nao wana hoja, na sehemu yake ni ya kweli. Kujiona kwenye picha kunasaidia kujua kama rangi ya machungwa inakukubali, kama maua makubwa yatakuzidi, kama mkono wa gauni unafika unapotaka ufike. Kwa anayenunua nguo ya ibada au ya ukweni hilo si jambo dogo. Lakini hayo ni maswali ya kupendeza. Swali la kutosha ni jingine kabisa, na programu inayochora gauni juu ya picha yako haina futi ya kupimia. Imejifunza kutoka kwenye picha nyingi jinsi kitambaa kinavyokunjika na kuanguka, kisha inachora kitu kinachofanana na ukweli. Ipe gauni la saizi S na mwili wa kilo 90, italinyoosha mpaka lifike, na litakaa vizuri kuliko lingekaa kwa aliyelengwa. Mteja aliyekuwa anasitasita sasa analipa akiwa na uhakika. Uhakika huo hauna msingi, na ndiyo maana nasema chombo hiki kwa hali tuliyonayo kitaongeza mauzo na ugomvi kwa pamoja. (Achilia mbali suala la wasichana kutuma picha za mwili mzima kwa kurasa ambazo mmiliki wake hajulikani kwa jina. Hilo linahitaji makala yake.)

Ahadi hii si ngeni pia. Boo.com, duka la mtandaoni la London lililofunguliwa mwishoni mwa 1999, lilikuwa na sanamu ya kuvalisha nguo kwenye skrini ili uone mavazi yanavyokaa. Mei 2000 lilikuwa limefilisika, kwa sababu nyingi, na mojawapo ni kwamba kurasa zake zilikuwa nzito kuliko intaneti ya wakati ule. Mwaka 2018 kampuni ya Zozo ya Japani ilikwenda mbali zaidi, ikagawa bure vazi jeusi la kubana lenye vidoa vyeupe, unalivaa, unazunguka mbele ya simu, kamera inasoma umbo lako. Ilikuwa akili kubwa, na haikuchukua muda kampuni ikaliweka pembeni. Naliheshimu jaribio la Zozo kuliko haya ya picha, kwa kuwa angalau lilipima. Hata hivyo lilipima mwili, na mwili ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni nguo yenyewe, ambayo haihitaji kamera wala vidoa. Inalala mezani, haipumui, haioni aibu, na futi ya plastiki inammalizia muuzaji kazi kabla chai haijapoa.

Hoja nzito zaidi iko upande wa wauzaji, na sitaki kuipita juujuu. Wanasema: tukikubali nguo kurudi tutafilisika. Mteja atavaa gauni kwenye sendofu Jumamosi, Jumatatu alirudishe na harufu ya manukato na doa la pilau kwapani. Wamewahi kufanyiwa hivyo, na si mara moja. Faida ya gauni moja ni shilingi elfu chache, na nauli ya boda kwenda na kurudi Tegeta inaila yote. Wanaotuelekeza Ulaya nao hawasemi habari nzima. Ni kweli kwamba sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011 inampa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 za kubadili mawazo. Matokeo yake yakawa watu kuagiza saizi tatu za gauni moja, kubaki na moja na kurudisha mbili. Hata wakubwa wameshindwa kuubeba mzigo huo: mwaka 2022 Zara ilianza kuwatoza wateja wa Uingereza pauni 1.95 kwa kila kifurushi kinachorudishwa bila kupelekwa dukani, na wengine wakafuata. Kama Zara inalia, dada mwenye magauni 40 chumbani Sinza hawezi kuambiwa apokee kila kinachorudi. Hapo nakubaliana nao moja kwa moja.

Ila wakishasema hivyo huongeza hoja nyingine, na hii ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba kuandika vipimo hakuna maana kwa sababu wateja wetu hawajui vipimo vyao. Nani huyo? Hii ni nchi ambayo mtoto hupimwa sare ya shule kabla hajajua kusoma, na watu wazima hupimwa upya kila msimu wa harusi ili sare ya ukoo itoke sawa. Kwa fundi cherehani mtu husimama akanyoosha mikono, akaitwa kifua, kiuno, hipsi, bega, urefu mpaka gotini, na daftari la fundi likabaki na namba zake miaka. Nenda soko la Karume, Ilala, au Gikomba, Nairobi, uwatazame wanunuzi wa mitumba ambako hakuna chumba cha kujaribia. Kijana anafunga kifungo cha suruali, anakizungusha kiuno chake shingoni mwake, ncha mbili zikikutana nyuma ya shingo anajua itamkaa. Huko ni kupima. Watu hawa wakifika Instagram hawapotezi akili njiani. Wanapewa herufi peke yake, basi wanauliza kwa kilo kwa sababu kilo ndiyo lugha waliyoachiwa.

Kuna namna ya hoja hiyo inayojifanya ya kisomi, kwamba miili ya wanawake wa Kiafrika haifuati chati, kiuno chembamba na hipsi pana, kwa hiyo vipimo vya kiwandani havitusaidii. Ukweli wake unageuka kuwa ushahidi wa upande wangu. Ile 165/88A kwenye gauni haisemi lolote kuhusu hipsi, na hipsi ndipo gauni la kubana linapokwama kwa wengi wetu. Sasa dawa ya kipimo kinachokosekana ni kukichukua. Muuzaji mwenye magauni ya aina moja katika saizi nne hahitaji kupima 40. Anapima manne: analaza nguo, anapima kwapa kwa kwapa, kiuno, sehemu pana ya hipsi, na urefu kutoka begani, anazidisha zile tatu za mwanzo kwa mbili, anaandika chini ya picha. Baadhi ya wauzaji wanaorusha matangazo ya moja kwa moja TikTok tayari wanafanya nusu ya kazi hii, wananyoosha kiuno cha sketi mbele ya kamera na kusema “inavutika, oneni”. Wakiweka futi pale pale, wamemaliza.

Faida ya namba hizo inazidi kumsaidia mteja kuchagua. Zinagawa lawama, na hapa ndipo naona wengi hawajafika. Posti ikisema hipsi sentimita 108 na gauni likaja na 100, kosa ni la muuzaji: apokee nguo, arudishe hela, abebe nauli zote mbili. Likija na 108 kamili na mteja ana 114, kosa ni la mteja, nauli ni yake, na kubadilishiwa ni hisani. Likiwa limevaliwa, mjadala umefungwa. Muuzaji anayeogopa gauni la sendofu amepata kinga, na mteja anayeogopa kuibiwa amepata kinga, kwa sentensi moja iliyoandikwa kabla hela haijatumwa. Ile kauli ya risiti, bidhaa ikishauzwa hairudishwi, ilikuwa na mantiki dukani ambako mteja alishika nguo, akaivuta, akaipima shingoni au akaivaa juu ya alichovaa. Mtandaoni hajashika kitu. Kuihamisha kauli hiyo bila kuhamisha nafasi ya kujaribu ni kumbebesha hasara mtu ambaye hakuwa na njia ya kuiepuka.

Hasara hiyo kwa sasa inaishia wapi? Nyingi inaishia kwa fundi wa mtaani. Fundi wetu Mwananyamala ana kona nzima ya magauni ya mtandaoni yanayosubiri kupunguzwa, na anasema yanayopwaya ni neema. Yanayobana ndiyo balaa, kwa sababu kiwanda kimeacha sentimita moja tu ya kitambaa ndani ya mshono, imeshapigwa ovaloki, hakuna cha kufungulia. Gauni hilo linapewa mdogo wa mtu au linauzwa kwa jirani kwa bei ya hasara. Mteja wa Dar angalau anaweza kumbembeleza boda asubiri getini dakika tano, huku injini inanguruma na simu ya oda nyingine inaita. Wa Kigoma, Songea au Bukoba hana hata hizo dakika tano. Wanaoumia zaidi ni wanawake wenye miili mikubwa na walio mikoani, ambao ndio duka la mtandaoni lilipaswa kuwafaa kuliko wote. Wengi hatimaye huganda kwa muuzaji mmoja anayejua vipimo vyao na kuvihifadhi kwenye simu. Wauzaji wa namna hiyo hawahitaji mahubiri yangu. Wameshaona kwamba mteja aliyetoshwa mara moja harudi sokoni kutafuta bei.

Kisheria hatuanzi patupu. Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki tangu 2015, yenye vifungu vya kumlinda mlaji anayenunua kwa mtandao, na Tume ya Ushindani ipo kusikiliza malalamiko ya walaji. Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012. Afrika Kusini, kwa sheria yake ya 2002, ilimpa mnunuzi wa mtandaoni siku 7 za kughairi kwa gharama yake mwenyewe ya kurudisha mzigo, mgawanyo ambao kwangu una busara kuliko wa Ulaya. Sina matumaini kwamba mkaguzi atapita ukurasa kwa ukurasa Instagram. Lakini mwongozo mfupi kutoka Tume, kwamba posti ya nguo isiyo na vipimo humweka muuzaji upande wa kosa nguo isipotosha, ungebadilisha mazungumzo ya inboksi bila kumfunga mtu yeyote.

Zipo nguo ambazo namba moja haitoshi. Dera halina tatizo, mtu yeyote anaingia. Vitambaa vinavyovutika vinahitaji namba mbili, nguo ikiwa imetulia na ikiwa imevutwa, na muuzaji mwaminifu ataongeza kwamba ikivutwa mpaka mwisho inaonyesha ndani. Jinzi hubadilika baada ya kufuliwa. Sidiria ni ulimwengu mwingine, na viatu vina vurugu zake. Wala sipingi picha za akili unde kuwepo. Wenye programu hizo wakitaka ziwe na kazi, waache kuomba picha peke yake, waombe kifua, kiuno, hipsi na urefu wa mteja, kisha wasome vipimo vya nguo alivyoandika muuzaji na wamwambie mteja ukweli: hapa kwenye hipsi litakubana kwa sentimita sita. Hilo halihitaji akili unde hata kidogo, ni hesabu ya kutoa. Linahitaji muuzaji awe ameandika namba, na kwa gauni lililopo mkononi mwake leo anaweza kuanza na zile zilizoshonewa ndani ya lebo.